“Tobillera”: Mhispania akikuuliza, anataka kikuku, bendeji au soksi?

“Mwalimu, shikamoo. Nauza vikuku na bangili za shanga ufukweni Paje, Zanzibar. Siku hizi wateja wangu wengi ni Wahispania, na wapo pia wanaotoka Argentina na Meksiko. Wakionyesha kikuku husema neno ninalolisikia kama ‘tobiyera’. Mama mmoja wa Argentina alisema ‘tobishera’. Rafiki yangu anayejifunza Kihispania kwa simu anashikilia kuwa ni ‘tobilera’, kwa kuwa limeandikwa tobillera. Nikaliweka kwenye programu ya kutafsiri, likatoka ‘bendeji ya kifundo cha mguu’. Halafu kwenye habari nikaona mtu amevalishwa tobillera kwa amri ya mahakama. Sasa naogopa. Nikiandika TOBILLERAS kwenye kibao changu, nitakuwa natangaza vikuku, vifaa vya hospitali au pingu? Na jirani yangu ananiambia huko Ulaya mwanamke anayevaa kikuku ni wa kujiuza, kwa hiyo huenda neno lenyewe ni tusi. Naomba unieleze linatamkwaje hasa, na maana yake ni ipi.”

Marahaba, dada. Nianze na kibao, maana ndicho kinachosubiri rangi: andika TOBILLERAS bila wasiwasi. Juu ya meza iliyojaa shanga, hakuna msemaji wa Kihispania, awe wa Madrid, wa Meksiko au wa Buenos Aires, atakayedhani unauza bendeji wala pingu. Neno ni safi, la kila siku, na mtu hulitamka mbele ya mkwewe bila haya. Lakini usidhani umeuliza swali la bure. Karibu kila ulichosikia kina ukweli, isipokuwa ile “tobilera” ya rafiki yako na hilo la tusi. Ugumu ni kwamba kila mmoja amekuletea kipande chake.

Tuanze na mzizi. Kwa Kihispania kifundo cha mguu ni tobillo. Neno hilo limetoka katika Kilatini, kwenye tuber, yaani nundu au uvimbe. Watu wa kawaida walilidogosha likawa tubellum, nundu ndogo, na baada ya karne nyingi likafika tobillo. Kwa maneno mengine waliutazama ule mfupa uliojitokeza pembeni mwa mguu wakauita kinundu, sawa na sisi tulivyouita kifundo, fundo dogo. (Tuber hiyohiyo ndiyo iliyozaa jina la tuberkulosi, kwa ajili ya vinundu ambavyo ugonjwa huo huota mapafuni.)

Juu ya tobillo huongezwa kiishio -era, nacho Kihispania hukitumia sana kutaja kitu kinachovaliwa au kinachokaa mahali fulani pa mwili. Goti ni rodilla, na kinachovaliwa gotini ni rodillera. Kiwiko ni codo, kinachokikinga ni codera. Kiungo cha kiganja ni muñeca, kinachofungwa hapo ni muñequera. Bangili ni pulsera, kutoka pulso, mapigo ya damu, kwa sababu hukaa pale daktari anapoyapima. Basi tobillera kwa asili yake ni “cha kifundoni” tu. Neno halisemi kama kitu hicho ni cha fedha, cha mpira, cha pamba au cha umeme. Anayeamua ni mazungumzo, duka na mkono unaoonyesha. Ukilishika hilo, zile maana ulizokutana nazo hazitakuchanganya tena.

Programu yako haikudanganya. Ukiingia duka la dawa Hispania ukaomba tobillera, utaletewa soksi fupi ya mpira isiyo na vidole wala kisigino, au kifaa cha kufunga kwa mikanda, cha kumsaidia mtu aliyeteguka. Wachezaji wa mpira wa miguu na wa kikapu huvaa hizo. Maana hii ni ya zamani katika kamusi, na programu za kutafsiri hupenda kushika maana moja na kuiacha nyingine. Kwenye jimu, tobilleras zinaweza kuwa vile vizito vinavyofungwa miguuni wakati wa mazoezi. Meksiko, mama akisema amemnunulia mtoto tobilleras za shule, amemnunulia soksi fupi zinazoishia kifundoni. Na suruali inayoishia hapohapo, hata Hispania, huitwa pantalón tobillero.

Ile ya kwenye habari ni tobillera electrónica, kifaa anachofungwa mtu mguuni ili mamlaka zijue alipo. Argentina neno hilo limejaa magazetini, hasa tangu Juni 2025, mahakama ilipomruhusu rais wa zamani Cristina Fernández de Kirchner kutumikia kifungo chake nyumbani akiwa amevalishwa kifaa hicho. Hispania yenyewe huwa haitumii neno hilo kwa vifaa vya mahakama. Wao husema pulsera, na vile wanavyofungwa wanaume waliopigwa marufuku kuwakaribia wake au wapenzi waliowadhuru magazeti huviita pulseras antimaltrato. Kwa hiyo hata “pulsera”, ambayo wewe unaiuza kila siku, ina upande wake wa mahakamani, na hakuna mteja aliyewahi kukukimbia kwa ajili hiyo.

Sasa suala la tusi, kwa kuwa naona ndilo lililokuumiza zaidi. Tobillera si tusi, na halina kivuli cha tusi. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Hispania lilikuwa na matumizi mengine ya mitaani: msichana aliyekwisha kuacha nguo za kitoto lakini hajafikia kuvaa gauni refu la mwanamke mzima aliitwa tobillera, kwa kuwa vifundo vyake bado vilionekana. Ilikuwa namna ya kumwita kigoli, na leo imebaki kwenye kamusi na vitabu vya zamani. Haikuwa na habari ya kujiuza. Yale masimulizi ya mitandaoni kwamba kikuku cha mguu wa kulia kina maana hii na cha kushoto ile, utayakuta kwa lugha nyingi, kama yanavyozungumzwa Dar es Salaam. Lakini nenda ufukwe wowote wa Hispania mwezi wa Julai: wanavaa mabinti, wanavaa mama zao, wamo na wanaume vijana waliojifunga kamba ya rangi mguuni. Ni pambo la kiangazi. Jirani yako amechukua uvumi akaubandika juu ya neno, na neno halikustahili.

Nije kwenye matamshi, na hapa nina habari njema kwako. Mswahili huanza kulitamka neno hili akiwa mbele ya wengi. Mwingereza hulihangaikia kwa sababu irabu zake huyumba, lakini Kihispania kina irabu tano zilezile, a, e, i, o, u, na kila moja husikika karibu sawasawa na yetu popote inapokaa. Pia mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na Kihispania hufanya vivyo hivyo kwa maneno mengi yanayoishia kwa irabu, au kwa n au s, yasiyoandikwa alama ya mkazo. Kwa hiyo liseme kama ungelisema neno la nyumbani: to-bi-YE-ra. Sikio lako lilisikia sawasawa.

Rafiki yako amelisoma kwa macho ya Kiswahili, ambamo herufi l haina sauti nyingine, na kosa lake linaeleweka. Lakini katika Kihispania ll si l iliyorudiwa. Ina sauti yake. Pollo ni kuku, polo ni fulana yenye kola, na ukizichanganya mgahawani hutaeleweka. Mpenzi yeyote wa soka amekwisha kukutana nayo: Mallorca ni “Mayorka”, na yule golikipa maarufu wa Hispania, Iker Casillas, kwao anaitwa “Kasiyas”. Zamani ll ilihesabiwa kabisa kuwa herufi peke yake, ikawa na sehemu yake kwenye kamusi. Mwaka 1994 vyuo vya lugha vya nchi zinazozungumza Kihispania vilikubaliana iorodheshwe chini ya l, na mwaka 2010 ikaondolewa rasmi kwenye alfabeti. Sauti yake haikuguswa na maamuzi hayo.

Sauti yenyewe hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na ndiyo sababu umesikia mawili. Kwa asili ilikuwa l ya kaakaa: katikati ya ulimi hupanda na kujilaza chini ya kaakaa, ikatoka kitu kinachofanana na “ly” ya pumzi moja. Bado utaisikia hivyo Bolivia, Paraguay, kwenye nyanda za juu za Peru, kwa baadhi ya wazee wa vijijini kaskazini mwa Hispania, na kwa wengi wa Wakatalani, watu wa kaskazini-mashariki mwa Hispania, kwa kuwa lugha yao ya Kikatalani inayo. Hao wakisema, utasikia “tobilyera”. Hata hiyo haiwi “tobilera” ya rafiki yako, maana l ya “lala” hugusa ufizi kwa ncha ya ulimi, na ile huguswa na mgongo wa ulimi.

Sehemu kubwa iliyobaki ya Hispania na Amerika, ll na y zimekuwa sauti moja, na ndiyo “tobiyera” unayoisikia kila siku. Y yao huwa imebana kidogo kuliko yetu; ulimi husogea karibu zaidi na kaakaa. Mtu akianza sentensi kwa neno kama llave, ufunguo, inaweza kukuingia sikioni karibu na “jave”. Katikati ya neno, baada ya irabu, hulegea, na y ya “yeye” inakutosha. Kwa baadhi ya watu wa kaskazini mwa Meksiko na wa Amerika ya Kati hulegea mpaka karibu itoweke, ukasikia kama “tobiera”. Na Buenos Aires na Montevideo, pamoja na maeneo yanayozizunguka, ll na y zote hutamkwa sh, sh ileile ya “shanga”. Kocha wa soka Marcelo Gallardo, Muargentina, kwao ni “Gashardo”. Mama yako wa Argentina alikuwa sahihi kabisa, kama mteja wa Madrid alivyo sahihi.

Wewe ushike ipi? Shika ya y. Inaeleweka kila mahali, na hakuna Muargentina atakayekushangaa. Kuigiza sh kwa mteja wa Argentina si lazima, na ukimkosea ukamwambia hivyo Mkolombia, utasikika kama mtu anayefanyia watu mzaha kwa lafudhi yao.

Herufi nyingine zina mambo madogo. T itamke ncha ya ulimi ikigusa meno ya juu, bila kupuliza pumzi. B ndiyo itakayohitaji mazoezi. B yetu ni nzito, midomo hufunga kabisa. B ya Kihispania ikiwa katikati ya irabu haifungi. Midomo hukaribiana, hewa ikapita katikati bila kukatizwa. Jaribu kusema “obi, obi, obi” polepole huku ukiizuia midomo isigusane, na usiikimbilie v, kwa sababu meno hayahusiki. (Kwa Wahispania b na v ni sauti moja, ndiyo maana utakuta hata wao wenyewe wameandika “tovillera” mahali. Usiwafuate, tahajia sahihi ni ya b.) Ukisema kwa b yetu nzito utaeleweka, ila ukiilegeza neno linakaa vizuri zaidi mdomoni.

R ni yetu hasa, pigo moja la ulimi kama katika “habari”. Usiikokote, kwani r inayokokotwa huandikwa rr na hubadili maana: caro ni ghali, carro kwa nchi nyingi za Amerika ni gari. Kama lugha yako ya nyumbani ni mojawapo ya zile zinazochanganya r na l, mtu akasema “kula” akikusudia “kura”, basi hapo ndipo pa kutumia muda wako wote wa mazoezi, kabla ya b na kabla ya ll.

Kuna mtego mmoja unaomngoja Mswahili peke yake, nao uko kwenye wingi. Tobillera moja, tobilleras nyingi. Sisi hatuzoei neno kuishia kwa konsonanti, kwa hiyo ulimi huongeza irabu kimyakimya: “tobiyerasi”. Irabu hiyo ikishaingia, mkazo wetu husogea wenyewe, kama unavyosogea kutoka “kitabu” kwenda “kitabuni”, na neno linakuwa “tobiyeRAsi”. Hapo mteja ndipo atakapokunja uso, kwa sababu wao hulisikiliza neno kwa mkazo wake. Wingi wa Kihispania hausogezi mkazo: tobiYEra, tobiYEras. Imalizie kwenye s, ufunge.

Kwa kuwa wewe ni mfanyabiashara, nikupe na maneno yanayokaa jirani na hili. Neno ni la jinsi ya kike: una tobillera, la tobillera, esta tobillera kwa “kikuku hiki”. Cha fedha ni de plata, cha ngozi ni de cuero, cha shanga ni de cuentas. Hispania shanga huitwa pia abalorios, na neno hilo naomba ulipende, kwa sababu ni ndugu wa neno lililomo kabatini mwako: limetoka katika Kiarabu cha Andalusia, yaani Hispania ya enzi za utawala wa Waislamu, kwenye billawr, kioo safi, na huko ndiko sisi tulikopata bilauri. Meksiko shanga ndogo huitwa chaquira, Argentina mostacilla.

Mteja mzee au msomaji wa vitabu anaweza kusema ajorca. Hilo nalo lilitoka kwa Waarabu wa Andalusia, na ni pete nzito ya dhahabu au fedha ya kuvaa mkononi au mguuni. Ndilo ningelitumia kutafsiri furungu au mtali wa bibi zetu, kwa sababu tobillera ya kisasa huwa nyepesi: mnyororo mwembamba, kamba, uzi wa shanga.

Kuna neno lingine ambalo ni afadhali ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mteja. Bangili ya duara isiyo na mapambo na isiyofunguka, Kihispania huiita esclava, na ndilo neno lilelile la “mtumwa wa kike”. Mtu atasimama mbele ya meza yako, Zanzibar, mahali ambapo soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu, akuulize kama una esclavas. Hatakuwa amekusudia ubaya. Kwao ni jina la bangili, wamelizoea. Lakini hulazimiki kulitumia. Kwenye kibao na kwenye bei zako weka pulsera, inatosha kwa bangili zote, na mtu akisema lile lingine muoneshe anachotaka kwa kusema pulsera. Mimi ndivyo ningefanya.

Kibao kiandike hivi: PULSERAS Y TOBILLERAS HECHAS A MANO. Maana yake bangili na vikuku vilivyotengenezwa kwa mkono. H ya hechas haitamkwi kabisa, na ch ni ya “chai”: “echas a mano”. Hakuna hata alama moja ya mkazo ya kukumbuka katika sentensi hiyo. Nimeweka pulseras mbele makusudi, kwa sababu maneno mawili yakikaa pamoja kila moja humfafanua mwenzake, na anayepita haraka hatasimama kuwaza soksi wala bendeji.

Tahadhari moja ya kweli ibaki. Ufukweni watu huteguka. Mteja akija anachechemea, kifundo kimevimba, akasema tobillera, huyo hatafuti shanga. Sikiliza kama kuna maneno venda, bendeji, au esguince, kuteguka kwa kiungo, au me he torcido el tobillo, “nimejitegua kifundo”. Mwelekeze duka la dawa, na kama hawezi kukanyaga, hospitali. Usimfungie chochote, hata akikuomba.

Matamshi haya unaweza kuyashika mwenyewe kwa kujirekodi kwenye simu na kujilinganisha na wateja wako, ambao ni walimu wazuri na wengi hufurahi kuulizwa. Ila sauti za ll na b haziwezi kufundishwa zote kwa maandishi yangu. Ukiona baada ya muda bado wanakuuliza “¿qué?”, yaani “nini?”, omba mtu anayezungumza Kihispania akae mbele yako dakika chache, utazame midomo yake. Na siku utakapotaka kuuza nje, uchapishe lebo au kusaini makubaliano na duka la Hispania, usitegemee programu ya simu wala hata jibu hili. Mtafute mfasiri, kaa naye, umwekee kikuku chenyewe mkononi akione, kwa sababu kwenye karatasi ya forodha tobillera ya shanga na tobillera ya mgonjwa ni bidhaa mbili tofauti, na aliye ofisini hataiona meza yako.